SaTScan: programu ya bure ya kusaka milundikano ya magonjwa, na mahali inapoteleza

Ramani yenye nukta za wagonjwa hudanganya macho. Penye watu wengi pana nukta nyingi, hata kama ugonjwa haujazidi kiwango chake cha kawaida. Penye watu wachache, nukta tatu tu zinaweza kuwa jambo zito, lakini hazivuti jicho. Ukiongeza na wakati, nukta zikawa zinakuja na kuondoka wiki hadi wiki, jicho linashindwa kabisa. SaTScan imetengenezwa kujibu swali moja: je, wagonjwa hawa wamelundikana mahali hapa na katika siku hizi kupita kiasi ambacho bahati peke yake ingeweza kuleta?

Kwa swali hilo, hatujaona programu nyingine inayoshinda hii kwa ukamilifu, na haina malipo. Lakini mtumiaji mpya ajue jambo hili mapema. Makosa ya umbo, kama tarehe iliyoandikwa vibaya au eneo lisilo na majira ya ramani (latitudo na longitudo), programu huyakamata na kukueleza. Makosa ya maana huyapitisha bila neno. Ukichagua modeli isiyofaa, itakupa duara, tarehe na thamani ya p (uwezekano wa bahati peke yake kuleta mlundikano wenye nguvu kama huo) vilevile, vyote vimepangwa vizuri kwenye ukurasa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mapitio haya inahusu mambo ambayo programu haitakuonya.

Mbinu yake iliasisiwa na mwanatakwimu Martin Kulldorff, aliyechapisha msingi wake wa kihesabu mwaka 1997. Programu yenyewe imeendelezwa kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani pamoja na Idara ya Afya ya Jiji la New York. Inapatikana kwenye tovuti ya satscan.org kwa Windows, Mac na Linux, ukishaandika jina na barua pepe. Menyu zake ni za Kiingereza. Mwongozo wa mtumiaji ni mrefu, umeandikwa kwa lugha iliyo wazi, na unastahili kusomwa. Sura inayoeleza modeli mbalimbali isomwe mara mbili.

Inavyofanya kazi

Programu huchukua kila eneo na kuweka duara katikati yake, kisha hulipanua hatua kwa hatua mpaka lifikie kikomo ulichopanga. Wakati ukiingia kwenye hesabu, duara hilo huwa kitako cha silinda, na kimo cha silinda ni idadi ya siku, wiki au miezi. Kwa kila silinda huhesabiwa wagonjwa waliomo na wale ambao wangetarajiwa kuwemo kama hatari ingekuwa sawa kila mahali.

Tuchukue mfano wa namba. Eneo zima lina wagonjwa 200. Ndani ya duara wamo 20, ilhali wangetarajiwa 8. Ndani ni mara 2.5 ya matarajio. Nje wamebaki 180 dhidi ya 192 waliotarajiwa, yaani mara 0.94. Gawa ya kwanza kwa ya pili upate hatari linganishi ya 2.67. Logi ya uwiano wa uwezekano, ambayo ndiyo kipimo cha kushindanisha maduara, inatoka takribani 6.7.

Je, 6.7 ni kubwa? Huwezi kujua kwa kuitazama, kwa sababu umepima maelfu ya maduara kisha ukachagua lililopanda kuliko yote. Katika maelfu hayo lazima moja litoke limepanda. Hapa ndipo programu inapoonyesha thamani yake. Huwatawanya wagonjwa haohao kwa kubahatisha mara 999, kila mara ikipima maduara yote upya na kuchukua kipimo cha juu kabisa. Kama ni duru 3 tu kati ya 999 zilizofikia au kupita 6.7, matokeo yako yameshika nafasi ya nne kati ya 1,000, na thamani ya p ni 0.004. Kwa njia hiyo adhabu ya kuwa umetazama mahali pengi imeshalipwa ndani ya hesabu. Mtu anayepima kata moja moja kwa mkono, kisha akatangaza ile iliyo juu, hajailipa adhabu hiyo, na mara nyingi anachotangaza ni bahati tu.

Namba ya duru huishia na 9 kwa sababu data halisi huongezwa kama duru moja zaidi na kukamilisha elfu. Kwa duru 999, p haiwezi kushuka chini ya 0.001. Ukihitaji chini ya hapo, weka 9,999, au kwa modeli zinazoruhusu tumia makadirio ya Gumbel, kanuni ya takwimu inayokadiria p ndogo bila kuongeza duru. Mbegu ya kubahatisha ni ileile kila unapoendesha, kwa hiyo data ileile na vigezo vilevile hutoa jibu lilelile. Kwa ofisi inayotakiwa kueleza uamuzi wake miezi kadhaa baadaye, hilo ni jambo jema sana.

Faili tatu zinazokula muda wote

Kazi halisi haiko kwenye kitufe cha kuendesha. Iko kwenye faili. Kwa modeli ya Poisson, ile inayolinganisha wagonjwa na idadi ya watu, unahitaji tatu: ya wagonjwa, ya idadi ya watu na ya majira ya ramani. Mstari wa faili ya wagonjwa una kitambulisho cha eneo, idadi ya wagonjwa na tarehe, kisha vigezo vya ziada kama umri na jinsi:

K014 3 2024/03/11 5-14 F

Mstari wa idadi ya watu unafanana nao, ila tarehe, ambayo ni ya sensa au makadirio, hutangulia, kisha hufuata namba ya watu:

K014 2022 1860 5-14 F

Ukiwa na miaka miwili ya sensa, programu hukadiria miaka ya katikati kwa mstari ulionyooka. Ukiwa na mwaka mmoja tu, huchukulia kwamba watu hawakuongezeka wala kupungua muda wote. Kwa kipindi cha miezi sita hilo halina neno. Kwa miaka kumi, eneo lililojengwa nyumba mpya litaonekana lina ugonjwa kumbe lina wakazi wapya.

Faili ya majira ina kitambulisho, latitudo, longitudo, kwa mpangilio huo. Hapa ndipo wengi huanguka. Programu nyingi za ramani hutoa X kwanza, na X ni longitudo. Ukizigeuza, na namba zote mbili ziko chini ya 90, hakuna onyo lolote litakalotokea: utapata milundikano safi kabisa katikati ya bahari au katika nchi usiyoihusu. Kabla ya kuamini lolote, fungua matokeo kwenye ramani utazame kama maeneo yako pale yanapotakiwa kuwa.

Vitambulisho vina mtego wao. Excel hula sifuri za mwanzo, kwa hiyo 00714 hugeuka 714, na faili moja ikiwa na sifuri na nyingine haina, programu italalamika kwamba eneo halipo. Hilo angalau hulisema. Nafasi ndani ya jina la eneo nalo huvunja mstari, kwa kuwa faili za kawaida hutenganisha safu wima kwa nafasi. Tumia namba au herufi zilizoungana na ubaki na majina kwenye jedwali lako la pembeni. Makundi ya umri nayo yaandikwe sawasawa herufi kwa herufi katika faili zote mbili. Kistari kifupi upande mmoja na kirefu upande mwingine vinatosha kukupa wagonjwa wa kundi ambalo halina watu, na hapo uchambuzi hukwama.

Msaidizi wa kuingiza data husoma CSV, Excel na dBase, na hukuonyesha safu wima ipi inaenda wapi. Ni mzuri kwa mara ya kwanza. Kwa kazi ya kujirudia tunashauri faili zitengenezwe na hati fupi ya R au Python, kwani mkono hauna uangalifu uleule kila asubuhi.

Kuchagua modeli

Poisson inafaa unapojua idadi ya watu. Bernoulli inafaa unapokuwa na wagonjwa kwa upande mmoja na wasio wagonjwa kwa upande mwingine, kwa mfano vipimo vilivyotoka chanya na vilivyotoka hasi. Zipo pia modeli za makundi yenye daraja, za muda wa kuishi, za vipimo vinavyoendelea kama uzito wa mtoto mchanga, na nyinginezo. Kwa ufuatiliaji wa milipuko, hata hivyo, mjadala mkubwa ni baina ya Poisson na ile inayochanganya tarehe.

Hii ya kuchanganya tarehe, iliyochapishwa mwaka 2005, ni ya ajabu kwa wepesi wake: inahitaji wagonjwa na majira ya ramani, basi. Haiulizi idadi ya watu. Matarajio yake hutoka kwa wagonjwa wenyewe. Tuseme mtaa fulani hutoa asilimia 5 ya wagonjwa wote katika mwaka mzima. Katika siku 14 zilizopita eneo lote limepata wagonjwa 60. Basi mtaa huo ulitarajiwa kupata 3. Ukikuta 11, ni mara 3.7 ya matarajio. Mtaa ambao daima una wagonjwa wengi hautapiga kelele, na msimu ambao kila mtu anaugua hautapiga kelele. Kitakachosikika ni pale mahali na wakati vinapokutana kwa namna isiyo ya kawaida.

Uzuri huo una gharama. Ugonjwa ukipanda kwa kiwango kilekile kila mahali kwa wakati mmoja, modeli hii haioni kitu, maana imeshaondoa mabadiliko ya wakati peke yake. Maji ya mfumo mmoja yakichafuka na kufika kila mtaa sawasawa, SaTScan itakaa kimya kwa modeli hii. Anayeitumia aweke pembeni kipimo kingine rahisi cha jumla ya wagonjwa kwa wiki. Pia isipewe historia ndefu mno. Idadi ya watu ikikua haraka upande mmoja kuliko mwingine kwa miaka mingi, tofauti hiyo ya ukuaji hujigeuza kuwa mlundikano. Mwaka mmoja wa nyuma unatosha kwa magonjwa mengi ya kuripotiwa, nao hubeba misimu yote.

Kwa Poisson hatari ni nyingine. Usipoweka umri, uchambuzi wa saratani utakuonyesha mahali wanapoishi wazee. Programu itaiita hiyo hatari linganishi, na kwa hesabu ni kweli. Kosa si lake.

Ukubwa wa dirisha

Chaguomsingi la programu ni kwamba dirisha, yaani lile duara linalopanuliwa, linaweza kufikia asilimia 50 ya watu walio hatarini. Sababu yake ni nzuri: mtafiti asichague ukubwa baada ya kuona majibu. Lakini kwa vitendo asilimia 50 mara nyingi huleta duara moja kubwa linalomeza nusu ya ramani, ndani yake mkiwa na maeneo mengi yasiyo na tatizo yaliyobebwa na machache yenye tatizo. Timu ya uwanjani haiwezi kutumwa kwenye nusu ya nchi.

Njia mbaya ya kutatua hilo ni kujaribu 50, kisha 25, kisha 10, halafu kuripoti ile iliyopendeza. Thamani ya p haijui kwamba umejaribu mara tatu. Njia njema zipo mbili, zote zimo ndani ya programu. Moja ni kuacha hesabu ifanyike kwa 50 huku ukizuia ukubwa wa kile kinachoripotiwa. Nyingine ni kuwasha kigezo cha Gini, kinacholinganisha seti za milundikano ya ukubwa tofauti na kuchagua ile inayotenganisha vizuri maeneo yenye hatari na yasiyo nayo. Kwa uchambuzi wa ramani tupu, usio na wakati, Gini hutoa majibu ambayo daktari wa wilaya anaweza kuyafanyia kazi.

Kwa upande wa wakati, fikiria ugonjwa wenyewe. Kipindupindu kina siku chache tu za kuatamia, hivyo kimo cha siku 30 kinatosha na kuzidi. Kifua kikuu kwa siku 30 ni upotevu. Huko miezi au miaka ndiyo inayozungumza. Weka pia idadi ya chini ya wagonjwa. Programu kwa kawaida hutaka angalau wawili kwa mlundikano wa hatari ya juu, lakini kwa ugonjwa wa kawaida wagonjwa wawili waliokutana ni tukio la kila wiki.

Kurudi nyuma au kufuatilia kila siku

Uchambuzi wa kurudi nyuma hutafuta milundikano yoyote katika kipindi chote, hata iliyokwisha. Uchambuzi wa kufuatilia hutazama ile tu inayofika hadi siku ya mwisho ya data, yaani iliyo hai sasa. Huu wa pili ni mwepesi zaidi kwa kompyuta, kwa kuwa silinda zilizokwisha hazipimwi, na ndio ulioipa SaTScan jina katika idara za afya.

Mfano unaojulikana zaidi ni New York. Idara ya afya ya jiji hilo huendesha modeli ya kuchanganya tarehe kila siku, na katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilikuwa ikifuatilia magonjwa 35 yanayolazimika kuripotiwa. Mfumo huo ulisaidia kugundua mapema milipuko ya ugonjwa wa legionela (nimonia ya bakteria) na ya shigela (bakteria wa kuhara damu). Legionela inaeleza vizuri kwa nini chombo hiki kinahitajika. Katika mlipuko wa South Bronx, sehemu ya jiji hilo, mwaka 2015 watu 138 waliugua na 16 wakafariki, chanzo kikiwa mnara wa kupoza hewa ya jengo. Mnara kama huo hutawanya matone kwa watu wasiojuana, wasiofanya kazi pamoja, wanaotibiwa hospitali tofauti. Hakuna daktari mmoja anayeona wote. Kinachowaunganisha ni mahali na siku.

Katika ufuatiliaji wa kila siku, thamani ya p huachia nafasi muda wa kujirudia. Ukiendesha kila siku, p ya 0.01 ni sawa na siku 100: kwa bahati tupu, ishara yenye nguvu hiyo ingetokea mara moja hivi katika siku 100. Ukiendesha kila wiki, p ileile ni wiki 100. Sasa zidisha kwa magonjwa yako. Ukifuatilia magonjwa 35 kwa kizingiti cha siku 100, tegemea ishara ya bahati takribani moja kila siku tatu. Ukipandisha kizingiti hadi siku 365, inakuwa moja kila siku kumi hivi. Kizingiti kichaguliwe kwa kuhesabu watu wa kupiga simu na kuchunguza. Ofisi yenye mtu mmoja ikichagua siku 100 itachoka ndani ya mwezi, na ishara ya kweli itakapokuja itafungwa pamoja na nyingine bila kusomwa.

Adui mkubwa wa ufuatiliaji ni kuchelewa kwa taarifa. Ukitumia tarehe ya dalili kuanza, siku za mwisho daima zina wagonjwa wachache kwa sababu taarifa bado zinakuja. Kama ucheleweshaji ni sawa kila mahali, modeli ya kuchanganya tarehe huumudu. Lakini maabara ya upande mmoja ikisimama siku nne, wagonjwa wa upande huo hupotea, na upande wa pili, ambao haujabadilika hata kidogo, huanza kung'ara kama mlipuko. Maabara hiyo ikirudi na kumwaga taarifa zote kwa tarehe ya kuripoti, mlipuko wa uongo huhamia kwao. Kipimo kipya chenye kunasa zaidi kikianza kutumika hospitali moja, huleta picha ileile. Ishara yoyote ianze kuulizwa hivi: je, kuna kilichobadilika katika namna ya kupima au kuripoti?

Kwa modeli ya Poisson kuna tiba ya taarifa zinazokosekana, ambayo watu wengi hawaijui. Faili ya marekebisho ya hatari hukuruhusu kutaja eneo na kipindi na kukipa hatari ya 0. Programu basi haitarajii mgonjwa yeyote hapo. Wagonjwa wachache walioingia kwa eneo na kipindi hicho waondolewe pia kwenye faili yao, la sivyo uchambuzi utakuwa na wagonjwa mahali pasipotarajiwa yeyote. Kituo kisichotuma ripoti kwa miezi miwili hakipaswi kuingizwa kama kituo chenye wagonjwa sufuri. Sufuri na ukimya ni vitu viwili.

Kusoma matokeo

Ukurasa wa matokeo huanza na mlundikano mkuu, kisha mingine kwa mpangilio wa nguvu. Kila mmoja una maeneo yaliyomo, kitovu na nusu kipenyo, tarehe, wagonjwa waliopatikana na waliotarajiwa, na thamani ya p. Kwa chaguomsingi, milundikano inayofuata haipishani na ile iliyotangulia. Thamani zake za p hupimwa kwa kulinganishwa na kipimo cha juu kabisa cha kila duru, kwa hiyo ni za tahadhari: mlundikano wa pili wenye p ya 0.06 usitupwe haraka. Ipo njia ya kurudia uchambuzi baada ya kuuondoa mlundikano mkuu, nayo ni ya haki zaidi pale mlundikano mmoja mkubwa unapofunika mingine.

Mipaka ya duara isichukuliwe kama mipaka ya ugonjwa. Kinachothibitishwa kitakwimu ni kwamba kuna kitu eneo hilo. Vijiji vya pembezoni mwa duara vinaweza kuingia au kutoka kwa tofauti ya mgonjwa mmoja. Tumeona ripoti zinazotaja orodha ya vijiji vilivyoathirika kwa kunakili orodha ya programu yote, na hilo huwatisha watu bure.

Matokeo hutoka pia kama faili za Google Earth, ramani ya kivinjari, shapefile na majedwali. Ni msaada mkubwa. Tahadhari moja tu: kama umetumia majira ya nyumba za wagonjwa, faili hizo zinabeba nyumba zao. Zisitumwe kwa barua pepe kama picha ya kawaida.

Inapoteleza

Duara ni umbo zuri kwa kisima, soko au kiwanda, na baya kwa mto, barabara au pwani. Ugonjwa uliofuata kingo za mto kwa kilomita 40 huvunjwavunjwa kuwa maduara matatu dhaifu, au humezwa na duara moja lililojaa maeneo yasiyogusa maji. Duaradufu ipo kwenye programu, lakini haifanyi kazi na latitudo na longitudo. Lazima kwanza ubadilishe majira kuwa ya mita, kama UTM. Unaweza pia kuipa faili yako ya majirani, ukieleza nani yuko karibu na nani kwa njia ya barabara au maji. Hiyo ndiyo tiba tunayoipenda, ingawa kuitengeneza huchukua siku kadhaa. Kama maumbo yasiyo ya duara ndiyo swali lako kuu, jaribu FleXScan ya watafiti wa Japani, ambayo huunganisha maeneo yanayopakana kwa umbo lolote. Ni nzito kwa milundikano mikubwa, na kwa kawaida huwekewa kikomo cha maeneo 15.

Kasi hutegemea ulichoomba. Maeneo mia chache kwa mwaka mmoja ni dakika. Maelfu ya maeneo, kurudi nyuma kwa miaka mingi kwa siku moja moja, ni saa nyingi hata kwa kompyuta yenye nguvu, ingawa programu hugawa kazi kwa vichakataji vyote. Jaribu kwanza kwa duru 99 kuona kama faili ziko sawa. Kisha kusanya siku kuwa wiki pale ugonjwa unaporuhusu. Hilo huondoa pia mtetereko wa wikendi, ambapo kliniki zimefungwa na wagonjwa wote hujitokeza Jumatatu.

Dirisha la programu lenyewe ni la kizamani kidogo, na vigezo vya maana vimefichwa nyuma ya kitufe cha mipangilio ya ziada. Lakini vyote huhifadhiwa kwenye faili moja ya maandishi yenye kiambishi cha prm, na hapo ndipo nguvu ya kila siku ilipo. Tengeneza uchambuzi mara moja kwa dirisha, hifadhi prm, kisha uiendeshe kwa mstari wa amri kila asubuhi, hati yako ikibadilisha tarehe ya kuanza na ya kumaliza tu. Watumiaji wa R wana kifurushi cha rsatscan, kinachoandika faili, kuiita programu na kusoma majibu. Kumbuka tu kwamba hakina injini ndani yake, hivyo SaTScan lazima iwe imesakinishwa. Kosa la kawaida katika mpangilio huu ni tarehe ya mwisho kusahaulika kwenye prm. Uchambuzi unaendelea kila siku, hakuna onyo, na unachopata ni milundikano iliyokuwa hai siku ile tarehe ilipoandikwa. Weka kwenye hati yako ukaguzi unaolinganisha tarehe hiyo na tarehe ya leo, na usimamishe kazi zikitofautiana kupita siku za ucheleweshaji ulizokubali.